Hoteli yenye kasino kwa usiku mbili: kisa cha wanandoa wa Bweyogerere

Mume ana miaka 31, wakala wa forodha anayeshinda njiani kati ya Kampala na Busia, mpakani na Kenya, akifuatilia malori. Mke ana miaka 24, mzaliwa wa Arua, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari. Walifunga ndoa mwishoni mwa mwaka, wakaingia moja kwa moja kwenye kodi ya nyumba Bweyogerere, pembezoni mwa Kampala, na madeni ya harusi, fungate haikupatikana. Likizo ya Agosti ilipofika mume aliweka kando shilingi milioni moja na nusu, akaamua kwamba sasa watatoka, wao wawili tu, walale nje usiku mbili. Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za namna hiyo. Kisa hiki nakieleza kwa ridhaa yao, bila majina, kwa sababu ombi alilokuja nalo mume naletewa mara kwa mara na linastahili kuchambuliwa kwa kina: alitaka hoteli ya mapumziko yenye kasino ndani.

"Dada, nataka ile ya kushuka tu na lifti, unaikuta kasino hapo chini," aliniambia kwenye simu.

Alikuwa ameshachagua. Hoteli yake ilikuwa jengo refu katikati ya Kampala, linalojitangaza kuwa "resort na kasino", lenye picha za kitanda kilichomwagiwa waridi, taa nyekundu na meza ya ruleti, ile kamari ya gurudumu lenye namba. Alichotaka kwangu ni kumwekea nafasi, Ijumaa hadi Jumapili, na nimwombee bei nafuu.

Mimi siweki nafasi ya watu wawili kabla ya kusikia sauti ya wa pili. Nikaomba kuzungumza na mke. "Mimi popote ni sawa, dada," akasema. "Ila kama kuna maji ya kuangalia, nitashukuru." Katika kazi hii nimejifunza kuisikiliza sana hiyo sehemu ya pili. "Popote ni sawa" ni adabu ya mtu ambaye hajaulizwa vizuri.

Kwa nini kasino na ufukwe havikai pamoja kwetu

Picha aliyokuwa nayo mume kichwani ni ya nchi nyingine. Las Vegas ilistawi jangwani baada ya jimbo la Nevada, Marekani, kuruhusu kamari mwaka 1931. Aliyefika pale alikuwa ametoka mbali, kwa hiyo mwenye kasino alilazimika kumlaza, kumlisha na kumletea waimbaji. Chumba kilishushwa bei kwa makusudi, kwa kuwa fedha ilitarajiwa kurudi mezani. Sun City, hoteli ya kasino ya Afrika Kusini iliyofunguliwa mwaka 1979, ina historia ya karibu na hiyo. Afrika Kusini ilikataza kasino, lakini Bophuthatswana, eneo ambalo serikali ya ubaguzi wa rangi ililitangaza kuwa nchi huru, liliziruhusu. Watu wa Johannesburg wakawa wanaendesha gari kama saa mbili kwenda kucheza. Ili wasirudi usiku uleule, wakajengewa mabwawa, gofu na ukumbi wa muziki. Yale mapumziko yaliletwa na umbali.

Kwetu umbali huo hauhitajiki. Sheria ya Uganda inaruhusu kasino mjini, na mjini ndiko wateja wake waliko: wafanyabiashara, wageni wa mikutano, watu wa kampuni za nje. Hoteli kubwa za ziwani nazo, kama Speke Resort ya Munyonyo na Serena ya Kigo, zina riziki yake nyingine: mikutano, harusi, gofu, familia za wikendi. Ndiyo maana anayetafuta vyote viwili chini ya paa moja hapa Uganda mara nyingi huishia kuletewa hoteli ya mjini iliyoikodishia kasino ghorofa yake ya chini.

Nilipopiga simu katika hoteli ya mume nilithibitisha kwamba ndivyo ilivyo. Kasino ni mpangaji. Ina uongozi wake na leseni yake, na mgeni wa hoteli hapati punguzo la chumba wala mlo kwa sababu amecheza. Kwa hiyo ile faida kubwa ya hoteli ya kasino ya Marekani, chumba cha bei rahisi kinacholipiwa na meza, haikuwepo. Kilichobaki ni kelele zake. Nikauliza chumba kiko ghorofa ya ngapi: ya pili. Kasino inafungwa saa ngapi: "mpaka asubuhi, madam." Bwawa la kuogelea liko wapi: juu ya paa, linakarabatiwa. Nikauliza hoteli ina nyota ngapi. Nyota rasmi hutolewa na Bodi ya Utalii ya Uganda baada ya ukaguzi, kwa vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hoteli iliyozipata huzitaja haraka. Aliyepokea simu alinijibu kwamba hoteli yao ni ya hadhi ya kimataifa.

Halafu bei. Tangazo lilisema dola 160 kwa usiku. Nilipouliza kama VAT, kodi ya ongezeko la thamani, imo, haikuwemo. VAT yetu ni asilimia 18, kwa hiyo 160 ikawa dola 188.80, na usiku mbili ukawa dola 377.60. Kwa kiwango nilichotumia siku ile, shilingi 3,700 kwa dola, hiyo ni shilingi 1,397,120. Katika milioni moja na nusu ingebaki laki moja na ushei ya kula, mafuta ya gari na kuchezea hiyo ruleti yenyewe. Mume hakuwa ameiona hesabu hiyo kwa sababu alikuwa ameizidisha 160 mara mbili na kuridhika. Ninawasihi wasomaji wangu: hoteli ya Uganda ikikutajia bei kwa dola, swali la kwanza liwe kama VAT na kifungua kinywa vimo, na jibu uliombe kwa maandishi. Baada ya hapo ndipo uanze kupatana bei.

Miaka 25

Hata hivyo kilichoizima mipango ile hakikuwa bei. Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016 ilipandisha umri wa kucheza kamari Uganda hadi miaka 25. Mke ana 24.

Mume alidhani natania. Kazi yake iko mpakani, na ng'ambo ya pili, Kenya, umri ni 18. Akasema hakuna anayeuliza, mbona vijana wa mitaani wanabeti kila siku. Ni kweli wanabeti, na inaniumiza kila ninapopita mbele ya vibanda vile na kuwaona. Lakini kasino ni mahali pengine. Iko chini ya macho ya bodi inayotoa leseni, na tangu sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha ya mwaka 2013 kasino ni miongoni mwa biashara zinazotakiwa kumjua mteja wake. Kitambulisho cha taifa huombwa mlangoni. Kasino inayoithamini leseni yake haitampitisha mwenye miaka 24. Isiyoithamini itampitisha, na mimi simpeleki mteja wangu mahali ambapo anayelinda mlango hajali sheria, kwa sababu huyohuyo ndiye atakayeshika fedha zao.

Nikamwomba afikirie usiku wenyewe ulivyo. Mke amevaa, ameshuka na lifti, amerudishwa mlangoni mbele ya watu. Au mume ameingia peke yake "dakika kumi tu", na mke yuko chumbani ghorofa ya pili akisikiliza muziki kupitia sakafu.

Alinyamaza muda. Baadaye akaniambia kwamba kati ya yote niliyomweleza hilo ndilo lililomgusa, na nilimheshimu zaidi kwa hilo.

Serikali mbalimbali huweka vizuizi vya aina nyingine. Singapore, ambako kasino mbili kubwa zimo ndani ya hoteli za kifahari tangu 2010, raia na mkazi wa kudumu hulipa dola 150 za nchi hiyo ili aingie kwa saa 24, ilhali mgeni mwenye pasipoti anaingia bure. Wenyewe walijua nani atakayeumia. Uganda imechagua umri. Kwa maoni yangu ni kizuizi chenye hekima, na laiti kingesimamiwa vibandani kama kinavyoweza kusimamiwa kasinoni.

Saa zao

Nilimwandikia mume ujumbe wenye hesabu nyingine, ya muda. Ukiingia hotelini saa nane mchana Ijumaa na kutoka saa tano asubuhi Jumapili, unapata saa 45. Ondoa saa 16 za usingizi, zinabaki 29. Huyu ni mtu anayelala Busia siku nne za juma, na mke wake husahihisha madaftari peke yake. Akikaa mezani saa tatu kila usiku, sita kati ya 29 zimekwenda, tena ndizo saa za jioni, zilizo bora kuliko zote.

Alijibu kama mfanyabiashara: labda nitashinda. Basi tukaingia kwenye ruleti, kwa kuwa sipendi kumkataza mtu jambo bila kumwonyesha lilivyo. Gurudumu lenye sifuri moja lina namba 37, na malipo yake yamepangwa kana kwamba zipo 36. Tofauti hiyo ndiyo mapato ya nyumba, yaani kasino: asilimia 2.70 ya kila shilingi inayowekwa. Gurudumu lenye sifuri mbili lina namba 38, na nyumba inachukua asilimia 5.26, karibu mara mbili, kwa mchezo uleule na furaha ileile. Ukiweka shilingi 10,000 kwa kila mzunguko, mizunguko 40 kwa saa, umepitisha mezani 400,000. Kwa wastani gurudumu la kwanza litakula kama 10,800, la pili kama 21,000.

"Mbona ni kidogo!" alisema, na alikuwa sahihi. Huo ndio ukweli ambao wanaohubiri dhidi ya kamari huuruka, na kijana akiugundua mwenyewe huacha kuwasikiliza kabisa. Kwa dau dogo na muda mfupi, saa moja ya ruleti inaweza kugharimu kama mlo. Hatari iko kwenye neno wastani. Usiku mmoja hauna wastani. Unaweza kutoa laki mbili ndani ya nusu saa, na aliyetoa laki mbili mbele ya bibi harusi wake haondoki mezani, anaongeza dau. Mkononi watakuwa na laki moja tu iliyobaki baada ya chumba. Usiku wa pili wangekula nini?

Ndipo nikamuuliza swali ambalo nalipenda kuliko yote katika kazi hii: ukiitoa meza, usiku huo ulikuwa na nini ndani yake?

Jibu lake lilikuja kwa ujumbe wa sauti, na nililisikiliza zaidi ya mara moja. Alitaka mke wake avae lile gauni la siku ya utambulisho, ambalo tangu siku ile limening'inia kabatini. Alitaka waingie mahali penye taa nzuri na watu wageuke. Alitaka mhudumu amwite mke wake "madam". Alitaka wale bila kuangalia saa, wasikie muziki, halafu wasirudi nyumbani. Kasino ilikuwa njia pekee aliyoijua ya kuyapata hayo, kwa kuwa ndivyo alivyoona kwenye filamu.

Jinja, Munyonyo, Entebbe

Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi na ya kupendeza. Mke alitaka maji, mume alitaka jioni yenye heshima, na fedha ilikuwa ileile.

Jinja ndiyo iliyonijia kwanza. Ukitoka Bweyogerere uko tayari kwenye barabara ya Jinja. Unapita Mukono, unapita msitu wa Mabira, unavuka lile daraja la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018, na Mto Nile uko chini yako. Wanandoa wengi nawapeleka huko bila kufikiri mara mbili. Hawa sikuwapeleka. Hiyo ndiyo barabara ya malori ya Busia na Malaba, barabara ya kazi ya mume. Madereva wanalijua gari lake. Angesimamishwa Lugazi, angepigiwa Njeru, na simu ya forodha ingekula nao chakula cha jioni. Mke alipolisikia hilo alicheka, akasema, "Dada, umemjua!"

Munyonyo ni pazuri, lakini ni mahali pa mikutano mikubwa. Januari 2024 nchi zisizofungamana na upande wowote zilikutana hapo, na G77, kundi la nchi zinazoendelea, baada yao. Kabla ya kumpanga mtu huko huwa naangalia kalenda kwanza, na siku walizozitaka kulikuwa na wajumbe tele. Anayetafuta utulivu hastahili kupanga foleni ya mayai nyuma ya watu wenye vitambulisho shingoni.

Ikabaki Entebbe, na nikabadilisha siku. Mwalimu yuko likizo, mume anaweza kujipangia kazi yake, kwa nini wabanane na wikendi? Jumamosi za ziwani ni za harusi. Vipaza sauti hufungwa nyasini mchana na hotuba za wajomba huendelea hadi usiku. Niliwapangia Jumapili mchana hadi Jumanne asubuhi. Hoteli ya ufukweni niliyoipata ilikubali dola 120 kwa usiku, VAT na kifungua kinywa vikiwemo. Usiku mbili, dola 240, shilingi 888,000. Laki sita na ushei ikabaki mfukoni, na saa 45 zao hazikupungua hata moja.

Niliwaomba hoteli chumba kisichotazama upande wa uwanja wa ndege, kwa kuwa ndege nyingi za kimataifa hutua na kuruka Entebbe usiku, na kiwe mbali na jenereta. Nikawaonya pia juu ya wadudu wadogo wa ziwani wanaofanana na mbu, wale wanaoibuka kwa makundi kama moshi. Hawaumi, lakini taa ya baraza ikiwashwa jioni wote watakuwa wageni wenu. Malipo ya awali yalikuwa nusu, na risiti ilitaja tarehe, aina ya chumba, na kwamba bei ina VAT.

Njia niliyowapa ni ya kuizunguka Kampala: barabara ya pembezoni ya kaskazini kutoka Bweyogerere hadi Busega, kisha ile ya kasi ya Entebbe, ambayo tangu Januari 2022 gari dogo hulipiwa tozo ya shilingi 5,000. Ni fedha ndogo kwa kuikwepa foleni ya barabara ya zamani siku ambayo kila saa ina thamani.

Jumatatu alfajiri walishuka hadi gati la Nakiwogo, wakapanda boti waliyopatana bei yake tangu jana yake, wakaenda kinamasi cha Mabamba kumtafuta korongo nyangumi, ndege mkubwa wa vinamasi. Asubuhi ndiyo saa yake. Walimwona mmoja, amesimama katikati ya mafunjo bila kutikisika, na mke, ambaye huwafundisha wanafunzi majina ya ndege bila kuwahi kuwaona nusu yao, alikaa akimtazama mpaka mwenye boti akauliza kama waondoke. Mchana walitembea kwenye bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, chini ya miti mirefu ambako ngedere hupita juu ya vichwa vya watu. Jioni, gauni.

Hilo la gauni nililipanga mwenyewe na meneja wa mgahawa: meza ya nje yenye kitambaa cheupe, mbali kidogo na nyingine, sangara wa kuchoma, na mhudumu aliyeambiwa mapema jinsi ya kumpokea madam. Kulikuwa na mpiga gitaa. Mume alizima simu yake ya kazi saa kumi na mbili na kuiacha chumbani, bila mimi kumwambia. Umeme ulikatika kwa muda wakati wa kula, jenereta ikachelewa, wakaletewa mishumaa. Hoteli iliomba radhi kwa jambo ambalo wao waliliona zawadi.

Jumanne walirudi na zaidi ya laki mbili hazijatumika.

Mume bado anaitaka kasino yake, na sioni ubaya. Mke anatimiza 25 mwakani. Wakinijia tena, nitawalaza palepale ufukweni, kwa sababu kitanda na meza ya kamari havihitaji kuwa katika jengo moja. Nitawachagulia kasino yenye leseni mjini, yenye gurudumu la sifuri moja, na kuwatafutia dereva wa kuwapeleka na kuwarudisha, ili asiwepo wa kuendesha usiku akiwa amekunywa. Vitambulisho viwili mfukoni. Kadi za benki na simu yenye pesa zibaki kwenye sefu ya chumba. Mkononi kiwe kile kiasi walichokubaliana wakiwa bado wanakunywa chai, nusu kwake na nusu kwa mke, na mke ndiye atakayesema saa ya kuondoka.